Amplifaya moja au mbili? Tazama nyumba yako kwanza

Ukipita Luthuli Avenue jijini Nairobi siku ya Jumamosi, spika za duka moja hushindana na za duka jirani hadi ukashindwa kujua ni wimbo gani unaousikia. Lakini ukiingia ndani na kutafuta pembe iliyotulia kidogo, utawakuta watu wakibishana kwa sauti ya chini juu ya jambo jingine kabisa. Mume na mke wamesimama mbele ya rafu. Muuzaji ameweka mkono juu ya kisanduku kizito cheusi. Swali ni lile lile: je, tununue amplifaya moja iliyo na kila kitu ndani yake, au tununue mbili, kila moja na kazi yake?

Labda utasema hilo ni swali la watu wenye pesa za kuchezea. La hasha! Mwenye pesa nyingi hununua vyote viwili akaenda zake. Anayeumia kichwa ni yule aliyeweka akiba kidogo kidogo, ambaye shilingi anayoiacha dukani ingeweza kulipa karo au kodi ya nyumba. Huyo akikosea, hana pesa za kurudi dukani. Ndiyo maana nataka tulizungumze jambo hili polepole, kama watu wa nyumba moja.

Kazi mbili

Kwanza tuelewane kuhusu amplifaya yenyewe. Sauti inayotoka kwenye sindano ya kinanda cha santuri ni hafifu mno. Kwa sindano za kawaida ni kama milivolti 5, yaani volti moja ukiigawa mara 200. Mashine ya CD hutoa takriban volti 2. Spika nayo inataka nguvu ya kusukuma na kuvuta ile karatasi yake mpaka hewa ya chumba itikisike. Kati ya unong'ono ule wa sindano na mtikisiko huu wa spika kuna kazi mbili za kufanywa.

Kazi ya kwanza ni ya karani. Hupokea sauti, huchagua kama unasikiliza santuri au redio, hupandisha ile iliyo hafifu na kuipima kwa kile kitufe unachozungusha. Mafundi humwita karani huyu priampu. Kazi ya pili ni ya hamali. Huchukua kilichopimwa na karani, akakitia msuli na kukibeba hadi kwenye spika. Huyu ni pawa-ampu.

Amplifaya ya pamoja ni nyumba moja ambamo karani na hamali wanaishi. Mtambo wa vipande ni pale kila mmoja anapopewa nyumba yake, na waya ukapitishwa kati yao. Hiyo ndiyo tofauti yote, msomaji. Mengine ni mapambo ya wauzaji.

Kwa wapenzi wa santuri kuna jambo moja la kuongeza. Santuri inapochongwa, besi hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa, ili mifereji isiwe mipana kupita kiasi na ule mkwaruzo usisikike sana. Kinanda kinapocheza, karani hana budi kugeuza mambo hayo yarudi yalivyokuwa. Kanuni ya kufanya hivyo ilikubaliwa na kampuni za santuri mwaka wa 1954, na hadi leo ndiyo inayofuatwa. Kwa hiyo si kila amplifaya inaweza kupokea kinanda. Lazima iwe na mlango wake maalumu wa santuri. Ukichomeka kinanda cha kawaida kwenye mlango wa CD utasikia sauti ya mbu: nyembamba, ya mbali, isiyo na besi.

Vipande vilitoka wapi?

Zamani, vipande havikuwa anasa. Vilikuwa lazima. Amplifaya za miaka ya 1950 zilitumia taa za kioo zilizowaka na kutoa joto kali, pamoja na transfoma nzito za chuma. Kampuni ya Quad ya Uingereza ilipotoa amplifaya yake ya Quad II mwaka wa 1953, lile pande la chuma na taa liliweza kufichwa kabatini, na mwenye nyumba akabaki na kisanduku kidogo cha kuongozea mkononi mwake. Kisha santuri za stirio zilipoanza kuuzwa mwaka wa 1958, aliyetaka kuzifaidi alihitaji mapande mawili, moja kwa kila spika.

Transista zilipoenea katika miaka ya 1960, joto lilipungua na uzito ukashuka. Karani na hamali wakaweza kukaa chumba kimoja bila kuchomana. Tangu hapo amplifaya ya pamoja ikawa ndiyo ya nyumba nyingi duniani.

Lakini vipande havikufa, na si kwa sababu ya majivuno tu. Transfoma kubwa ya pawa-ampu hutoa mvumo unaoweza kumsumbua karani anapojaribu kusikia zile milivolti 5 zake. Ukiwatenganisha, karani hupata utulivu. Isitoshe, unaweza kubadilisha kimoja na kubaki na kingine. Na ikiwa spika zako ni kubwa na ngumu kusukuma, hamali mwenye nyumba yake pekee huweza kupewa transfoma kubwa zaidi. Faida hizo zipo, wala sitazikana.

Gharama nayo ipo. Kila kisanduku kinahitaji kasha, transfoma, swichi na waya wake wa stima. Hivyo sivyo vinavyotoa muziki, lakini ndivyo vinavyokula pesa. Tuseme una Sh60,000. Ukinunua kisanduku kimoja, umelipia kasha moja. Ukinunua viwili, umelipia makasha mawili, na kilichobaki kwa ajili ya sauti yenyewe kimepungua. Kwa pesa za kadiri, kisanduku kimoja kizuri mara nyingi hushinda viwili dhaifu.

Mchango wa watoto wanne

Nililifikiria jambo hili kwa kina baba yetu alipohamia kwangu akiwa na umri wa miaka 78. Alikuja na begi la nguo na sanduku la mbao lenye santuri, nyingi zikiwa zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Humo mlikuwa na Daudi Kabaka, Fadhili William, Les Wanyika, na benga tele. Kinanda chake kilikuwa kimekufa miaka mingi. Tuko watoto wanne, nasi tukachanga Sh120,000 ili mzee asikie tena nyimbo zake.

Ndugu yetu mdogo alitaka vipande, na hoja yake haikuwa ya kijinga. "Vitu rahisi tutavinunua mara mbili," alisema. "Tununue priampu nzuri mwaka huu, pawa-ampu mwaka ujao, kisha tutafute spika zinazolingana navyo. Haba na haba hujaza kibaba."

Dada yetu mkubwa alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Na mwaka huu Baba atasikia nini?"

Hakuna aliyejibu. Daktari alikuwa amekwisha kutuambia kwamba masikio ya mzee yanapungua, na kwamba zile sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea uzeeni. Mtambo unaweza kungoja. Masikio hayangoji. Ikiwa haba na haba hujaza kibaba, wahenga hao hao ndio walionena kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo.

Tulikubaliana tumpeleke mwenyewe dukani, na santuri zake tatu zikiwa kwenye mfuko. Fundi alimkalisha kwenye kiti cha plastiki akiupa mtambo kisogo, asione kinachochezwa. Tulimwomba fundi ahakikishe kwamba sauti iko sawa kila mara, kwa maana kitu kinachopiga kwa nguvu zaidi, hata kwa kiasi kidogo tu, sikio hukidhania kuwa ndicho bora. Nawe ukienda kujaribu, lisisitize hilo.

Kwanza ilichezwa amplifaya ya pamoja. Kisha vipande viwili, kwa spika zile zile na wimbo ule ule. "Mzee, ipi ilikupendeza?" fundi akauliza.

Baba alifikiri. "Ya pili ina nafasi kidogo zaidi," alisema. "Lakini si sana."

Ndugu yangu akatabasamu. Ndipo dada akamwomba fundi airudishe ile ya pamoja, safari hii akiiunganisha na spika kubwa zaidi, na jumla ya bei ikiwa bado chini ya ile ya vipande. Wimbo haujafika mbali, Baba akainua kidole. "Huyo! Mpiga besi amerudi."

Hapo mjadala ukaisha. Tulinunua amplifaya ya pamoja yenye mlango wa santuri kwa Sh40,000, spika za mtumba kwa Sh50,000, kinanda cha Sh25,000, na Sh5,000 zilizobaki zikaenda kwa waya na sindano mpya.

Kilichotufurahisha baadaye hatukukipanga. Benga nyingi za santuri ndogo ziligawanywa pande mbili: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande ule. Wimbo hukatika magitaa yanapoanza kushika moto, na sharti mtu aamke ageuze. Magoti ya Baba hayapendi kuamka. Kwa hiyo binti yangu wa miaka tisa ndiye aliyekuwa mgeuzaji. Hubonyeza kitufe kimoja, hugeuza santuri, hushusha sindano, na Babu yake humweleza ni nani anayepiga gitaa la pili. Hakuna aliyehitaji kuniita.

Mtambo wa mtu mmoja

Linganisha na jirani mmoja niliyemjua, mpenzi wa muziki kuliko mimi. Yeye ana vipande, na ni vizuri kwelikweli. Lakini vina utaratibu wake. Washa priampu kwanza, subiri, ndipo uwashe pawa-ampu. Wakati wa kuzima, anza na pawa-ampu. Ukikosea mpangilio, spika zinapiga kishindo kinachoweza kuziumiza. Mkewe hathubutu kuvigusa. Watoto wamekatazwa. Mwenyewe akisafiri, nyumba inarudia kusikiliza muziki kwenye simu.

Tena kuna wakati mtambo ule ulivuma mfululizo kama mzinga wa nyuki. Visanduku viwili vilikuwa vimechomekwa kwenye soketi mbili za pande tofauti za chumba, na waya wa sauti kati yake pamoja na nyaya za ardhini ukutani vikafanya mzunguko ulionasa mvumo wa stima. Fundi alivichomeka vyote kwenye kebo moja ya nyongeza, na mvumo ukatulia. Likikupata hilo, fanya vivyo hivyo. Usikubali ushauri wa kukata waya wa ardhini. Waya huo ndio unaookoa maisha kitu kikiharibika.

Simlaumu jirani yangu. Nasema tu kwamba mtambo ambao mtu mmoja pekee ndiye anayeweza kuuwasha si wa nyumba, ni wa mtu huyo.

Usidanganywe na wati

Muuzaji atakwambia: hii ina wati 50, ile ina wati 100, basi ile ni maradufu. Sivyo sikio linavyohesabu. Kutoka wati 50 hadi 100 ni nyongeza ya desibeli 3 tu, ambayo utaitambua lakini haitakushtua. Ili sauti ionekane kuwa kubwa mara mbili, unahitaji takriban wati mara kumi. Na sebuleni, kwa usikilizaji wa kawaida, mara nyingi unatumia wati chache sana.

Sasa geuka uangalie nyuma ya spika au kwenye karatasi yake. Huandikwa desibeli inazotoa kwa wati moja, umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 90 ukiilinganisha na ya 87, ni sawa na kuwa umeongeza nguvu ya amplifaya yako maradufu bila kulipa senti kwa amplifaya. Angalia pia omu zake. Amplifaya iliyoandikwa kwamba haitaki chini ya omu 8 usiitwishe spika za omu 4, itachemka.

Na vitu vya mtumba je? Ni vizuri, na wengi wetu ndivyo tunavyovimudu. Lakini kumbuka kwamba stima ya Kenya ni volti 240. Vitu vilivyotengenezwa kwa soko la Japani ni vya volti 100, na vya Marekani ni volti 120. Ukichomeka kifaa cha Japani moja kwa moja ukutani, utanusa harufu ya pesa zako zikiungua. Kitahitaji transfoma ya kushusha volti, na transfoma hiyo ni gharama nyingine. Ukinunua vipande viwili vya Japani, hesabu transfoma yenye uwezo wa kuvibeba vyote viwili. Aidha, usisahau kile kifaa cha kulinda vyombo stima inapokatika na kurudi kwa kishindo.

Njia ya katikati

Usidhani ukichagua kisanduku kimoja leo umefunga mlango milele. Kuna amplifaya za pamoja ambazo nyuma yake zina matundu ya kutolea sauti kutoka kwa karani, ili siku moja ulete hamali mpya kutoka nje. Mfano unaojulikana sana ni NAD 3020 iliyotolewa mwaka wa 1978. Ilikuwa na wati 20 tu kwa kila spika na bei ya watu wa kawaida, nayo ikawa miongoni mwa amplifaya zilizouzwa zaidi ulimwenguni. Nyuma yake kulikuwa na vyuma vidogo vilivyounganisha karani na hamali wake. Ukivichomoa, umepata vipande viwili ndani ya kasha moja.

Ukipata amplifaya yenye matundu kama hayo, ichukue. Leo utasikia muziki. Miaka mitano ijayo, ukihamia nyumba kubwa au ukipata spika zinazotaka msuli, utaongeza pawa-ampu bila kutupa chochote. Ndugu yangu alifurahi alipoyaona matundu hayo kwenye ile ya Baba. Alipata alichokuwa akikitetea, isipokuwa hakuna aliyelazimika kukingoja.

Vipande vya tangu mwanzo vinamfaa nani basi? Vinamfaa aliye na chumba kikubwa, aliye na spika nzito anazozipenda na ambazo amplifaya ya kawaida imeshindwa kuzisukuma, au aliyekwisha kuwa na nusu ya mtambo ulio mzima. Vinamfaa pia yule ambaye kujenga mtambo wenyewe ndiyo burudani yake, mradi karo imelipwa. Huyo afurahie, hana deni na mtu.

Nawe mwanafunzi unayeishi chumba kimoja, usione haya kuwa na kitu kidogo. Amplifaya ndogo ya pamoja ya mtumba na spika mbili nzuri zinatosha. Ama, ikiwa muziki wako wote uko kwenye simu, kuna spika zenye amplifaya ndani yake zinazopokea sauti kwa bluututhi. Hizo huhitaji hata amplifaya ya pembeni. Kwenye chumba cha hatua nne, wati nyingi zitakuletea mwenye nyumba mlangoni tu.

Basi, msomaji, kabla hujafungua mfuko wako, jiulize maswali matatu. Nani nyumbani ataweza kuuwasha mtambo huu nisipokuwepo? Nikishalipia amplifaya, nitabaki na kiasi gani cha spika? Na je, muziki utaanza kusikika mwezi huu, au tutaketi tukitazama kisanduku kizuri kisicho na mwenzake? Ukiyajibu kwa ukweli, hutamhitaji muuzaji akuchagulie. Chukua santuri au nyimbo zako mwenyewe, nenda na wale utakaosikiliza nao, na umpe kiti cha kwanza yule ambaye masikio yake hayawezi kungoja.